Utambuzi wa uso

Utambuzi wa uso ni teknolojia ya kompyuta inayomtambua mtu, au kuthibitisha kwamba ndiye anayedai kuwa, kwa kulinganisha picha ya uso wake na picha nyingine zilizohifadhiwa. Ni tawi la bayometria, yaani upimaji wa sifa za mwili wa binadamu kwa lengo la kumtambua. Matawi mengine ya bayometria ni utambuzi wa alama za vidole, wa mboni ya jicho na wa sauti. Utambuzi wa uso hutumika kufungua simu janja, kukagua wasafiri kwenye viwanja vya ndege, kusajili wateja wa benki na kutafuta watuhumiwa wa uhalifu.

Mtu anayetoa alama za vidole huweka kidole chake mwenyewe kwenye kifaa, lakini uso unaweza kupigwa picha kutoka mbali bila mwenyewe kujua. Tena uso hauwezi kubadilishwa kama nywila iliyoibwa. Kwa sababu hizo teknolojia hii imependwa na vyombo vya usalama, na kwa sababu hizohizo imezua mabishano juu ya faragha na haki za raia. Jambo lingine linalobishaniwa ni usahihi wake: mfumo hutoa kipimo cha kufanana tu, na utafiti umeonyesha kwamba makosa yake huwaangukia watu wa makundi fulani, wakiwemo Waafrika, zaidi ya wengine.

## Aina za kazi

Katika mazungumzo ya kawaida jina "utambuzi wa uso" hutumiwa kwa kazi nne ambazo kitaalamu ni tofauti:

* Ugunduzi wa uso ni kujua tu kwamba ndani ya picha kuna uso na uko sehemu gani. Kamera ya simu inapochora mraba kuzunguka uso kabla ya kupiga picha hufanya kazi hii, bila kujua uso ni wa nani.
* Uthibitishaji hujibu swali "Je, huyu ndiye?" Uso mmoja hulinganishwa na picha moja, kwa mfano ile iliyomo ndani ya pasipoti. Huitwa ulinganisho wa mmoja kwa mmoja.
* Utambulisho hujibu swali "Huyu ni nani?" Uso mmoja hulinganishwa na maelfu au mamilioni ya picha zilizomo katika hifadhidata. Huitwa ulinganisho wa mmoja kwa wengi.
* Uchambuzi wa uso hukadiria umri, jinsia au hisia za mtu bila kutafuta jina lake.

Tofauti kati ya uthibitishaji na utambulisho ina uzito mkubwa. Katika uthibitishaji mhusika kwa kawaida anajua kinachofanyika, amesimama mbele ya kamera na anataka atambuliwe. Katika utambulisho anaweza kuwa mpita njia tu. Zaidi ya hayo, kadiri hifadhidata inavyokuwa kubwa, ndivyo uwezekano wa kupatikana mtu mwingine anayefanana naye unavyoongezeka.

## Jinsi inavyofanya kazi

Mifumo mingi ya kisasa hupitia hatua tano:

1. Kupata picha. Picha hutoka kwenye kamera ya simu, kamera ya ulinzi, video au picha ya kitambulisho.
2. Kugundua uso. Programu hutenganisha uso na vitu vingine vilivyomo kwenye picha.
3. Kunyoosha uso. Programu hutafuta pembe za macho, ncha ya pua na pembe za mdomo, kisha huizungusha picha na kurekebisha ukubwa wake ili sehemu hizo zikae mahali palepale kila mara.
4. Kugeuza uso kuwa namba. Mtandao wa neva bandia huzipitia pikseli za picha na kutoa orodha ya namba inayouwakilisha uso huo. Katika mfumo wa FaceNet, uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2015, kila uso uliwakilishwa na namba 128. Orodha hiyo huitwa kiolezo cha uso.
5. Kulinganisha. Kiolezo kipya hulinganishwa na vile vilivyohifadhiwa. Namba zikikaribiana, nyuso huhesabiwa kuwa zinafanana.

Mtandao wa neva bandia ni aina ya akili bandia (pia: akili mnemba). Hufundishwa kwa kupewa picha nyingi ambazo wahusika wake wanajulikana, na hurekebishwa kidogokidogo hadi picha mbili za mtu mmoja zitoe namba zinazokaribiana na picha za watu wawili zitoe namba zilizo mbali. Mtandao hauambiwi upime upana wa pua wala umbali kati ya macho. Hujitafutia wenyewe tofauti zinazosaidia. Matokeo yake ni kwamba hutofautisha vizuri zaidi nyuso za aina uliyoiona mara nyingi wakati wa mafunzo.

Vifaa vingine havitegemei picha ya kawaida peke yake. Mfumo wa Face ID, ulioletwa na kampuni ya Apple katika simu ya iPhone X mwaka 2017, hurusha nukta zaidi ya 30,000 za mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho na kupima umbo la uso kwa kina. Kwa njia hiyo simu inaweza kufunguka gizani, na picha iliyochapishwa kwenye karatasi haitoshi kuidanganya.

### Kizingiti na aina za makosa

Ulinganisho hutoa alama ya kufanana. Mwenye mfumo ndiye anayeamua alama ipi itoshe kusema kwamba nyuso mbili ni za mtu mmoja. Kiwango hicho huitwa kizingiti, na huzaa makosa ya aina mbili:

* Kukubali kimakosa: watu wawili tofauti huhesabiwa kuwa mtu mmoja.
* Kukataa kimakosa: picha mbili za mtu mmoja huhesabiwa kuwa za watu wawili.

Kizingiti kikipandishwa, makosa ya kwanza hupungua na ya pili huongezeka. Kikishushwa, huwa kinyume. Hakuna kizingiti kinachoondoa makosa yote mawili. Benki inaweza kuchagua kumsumbua mteja halali mara mojamoja kuliko kumfungulia mwizi akaunti yake, wakati polisi wanaomtafuta mtu hatari wanaweza kushusha kizingiti wasije wakamkosa, na hapo watu wasiohusika husimamishwa kwa wingi.

Asilimia ya usahihi peke yake inaweza kupotosha. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba uwanja wa mpira unaoingiza watu 60,000 umewekewa mfumo unaokosea kumkubali mtu mmoja katika kila 1,000, na kwamba kati ya mashabiki wamo watu 5 wanaotafutwa. Hata kama mfumo utawapata wote 5, utawanyooshea kidole pia watu wapatao 60 wasio na hatia. Zaidi ya tisa kati ya kila tahadhari kumi zitakuwa za uongo, ingawa mfumo unaweza kutangazwa kuwa sahihi kwa asilimia 99.9.

Katika upelelezi hali huwa tofauti kidogo. Mara nyingi mfumo hutoa orodha ya watu wanaofanana zaidi na picha iliyoingizwa, kisha afisa huchagua mmoja. Mfumo uliopangwa hivyo hutoa majina hata pale ambapo mhalifu mwenyewe hayumo kabisa katika hifadhidata.

## Historia

Majaribio ya kwanza yalifanyika nchini Marekani miaka ya 1964 na 1965. Mwanahisabati Woody Bledsoe, pamoja na Helen Chan Wolf na Charles Bisson, alitengeneza mfumo ambao binadamu na kompyuta waligawana kazi. Mtu aliweka alama kwa mkono kwenye picha, kwa mfano katikati ya mboni na kwenye pembe za macho, kisha kompyuta ikakokotoa umbali 20 kati ya alama hizo na kuulinganisha na wa picha nyingine. Mfanyakazi mmoja aliweza kushughulikia picha zipatazo 40 kwa saa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuchapishwa, kwa kuwa ililipiwa na idara ya ujasusi ambayo haikutajwa. Tangu wakati huo Bledsoe alieleza vikwazo ambavyo bado vinasumbua: kichwa kugeuka, mwanga kubadilika, sura kucheka au kukunjamana, na umri kusonga.

Mwaka 1973 Takeo Kanade, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alionyesha programu iliyotafuta macho, pua na mdomo bila msaada wa mtu. Mwaka 1987 Lawrence Sirovich na Michael Kirby walionyesha kwamba picha ya uso inaweza kuelezwa kama mchanganyiko wa picha chache za msingi, na mwaka 1991 Matthew Turk na Alex Pentland wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) walitumia wazo hilo kutambua nyuso kwa haraka.

Kuanzia mwaka 1993 serikali ya Marekani ilidhamini mradi wa FERET, uliokusanya picha za nyuso na kupima programu mbalimbali kwa kipimo kimoja. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walibuni njia ya haraka ya kugundua uso, ambayo baadaye iliingia katika kamera nyingi za kawaida. Januari mwaka huohuo, katika fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani mjini Tampa, jimbo la Florida, nyuso za watazamaji waliokuwa wakiingia uwanjani zililinganishwa na picha za wahalifu bila wao kujua. Habari hiyo ilipojulikana ilizua malalamiko, na ni miongoni mwa mifano ya awali ya matumizi ya teknolojia hii kwa umati.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya mwaka 2010, pale ambapo mitandao ya neva bandia ilikutana na kompyuta zenye nguvu na picha nyingi za intaneti. Mwaka 2014 mfumo wa DeepFace wa Facebook, uliofundishwa kwa picha milioni 4.4, ulipata usahihi wa asilimia 97.35 katika jaribio linalojulikana kwa kifupi kama LFW, na mwaka uliofuata FaceNet ilifikia asilimia 99.63. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) iliripoti kwamba kati ya mwaka 2014 na 2018 sehemu ya utafutaji ulioshindwa katika hifadhidata kubwa ilishuka kutoka asilimia 4 hadi asilimia 0.2 kwa mifumo bora.

## Matumizi

### Maisha ya kila siku

Matumizi yanayojulikana zaidi ni kufungua simu na kuidhinisha malipo. Katika simu za iPhone kiolezo cha uso hubaki ndani ya simu na hakipelekwi kwa kampuni. Programu za kuhifadhi picha hupanga picha za familia kwa kukusanya pamoja zile zenye uso mmoja. Zipo pia programu zinazowasaidia wasioona kwa kuwatajia jina la rafiki aliye mbele yao.

Benki na kampuni za mikopo ya simu katika nchi nyingi humtaka mteja mpya apige picha kitambulisho chake, kisha ajipige picha mwenyewe, ili mfumo uone kama sura ni moja. Kampuni za teksi za mtandaoni hutumia njia hiyo kuhakikisha kwamba anayeendesha gari ndiye dereva aliyesajiliwa. Hapa kukataliwa kimakosa ni kukosa kazi ya siku, hasa kama hakuna ofisi ya karibu ya kupeleka malalamiko.

Nchini China malipo kwa uso yalianza kutumika mwaka 2017 katika mkahawa mmoja mjini Hangzhou kupitia huduma ya Alipay. Mwaka 2021 reli ya chini ya ardhi ya Moscow, Urusi, ilianza kuruhusu abiria kulipa nauli kwa kutazama kamera.

### Usafiri na mipaka

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilichagua uso kuwa kitambulisho kikuu cha bayometria katika pasipoti za kielektroniki. Ndani ya pasipoti hiyo mna chipu inayohifadhi picha ya mwenyewe, na kwenye lango la mpaka kamera hulinganisha picha hiyo na msafiri aliyesimama mbele yake. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki za Afrika Mashariki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2018.

Uwanja wa ndege wa Dubai, ambako wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hubadilisha ndege, ulianza mwaka 2018 kutumia njia ambayo abiria huipita kwa miguu huku uso na mboni zake zikisomwa. Nchini India huduma ya DigiYatra ilianzishwa Desemba 2022 kwa abiria wa safari za ndani.

### Polisi na usalama

Polisi hutumia teknolojia hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni baada ya tukio: picha kutoka kamera ya dukani au barabarani hutafutwa katika hifadhidata ya wahalifu au ya leseni za udereva. Ya pili ni ya papo hapo: kamera iliyowekwa mahali pa watu wengi husoma nyuso za wapita njia wote na kuzilinganisha na orodha ya wanaotafutwa.

Kamera ya ulinzi yenyewe haitambui mtu. Ili imtambue huhitaji programu, hifadhidata ya picha zenye majina, na uwezo wa kompyuta. Kwa hiyo kuwepo kwa kamera nyingi mjini si ushahidi kwamba nyuso zinatambuliwa, ingawa mtandao wa kamera ukishajengwa, programu hiyo inaweza kuongezwa baadaye bila raia kuona badiliko lolote mitaani.

Nchini Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, kampuni ya Safaricom ilipewa kazi ya kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi katika miji ya Nairobi na Mombasa kwa vifaa vya kampuni ya Huawei ya China. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni aliagiza kamera ziwekwe mijini baada ya kuuawa kwa msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, Machi 2017. Mwaka 2019 polisi wa Uganda walithibitisha kwamba mradi huo, uliotekelezwa na Huawei kwa dola za Marekani milioni 126, ulikuwa na uwezo wa kutambua nyuso. Novemba 2020, baada ya ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi (Bobi Wine), polisi walisema kamera hizo ziliwasaidia kuwapata washukiwa. Watetezi wa haki za binadamu na wapinzani walikuwa wameonya mapema kwamba mfumo ungeweza kutumiwa dhidi ya waandamanaji.

Nchini China teknolojia hii imeenea sana mitaani, na mashirika ya haki za binadamu yameishutumu serikali kwa kuitumia kuwafuatilia Wauighuri katika mkoa wa Xinjiang. Matumizi madogo nayo yamekosea: mwaka 2018 mjini Ningbo mfumo wa kuwaaibisha wanaovuka barabara isivyo halali ulimtangaza mfanyabiashara maarufu Dong Mingzhu kuwa mkosaji, kumbe kamera ilikuwa imeona picha yake kwenye tangazo lililobandikwa ubavuni mwa basi.

### Maduka

Baadhi ya maduka hutumia utambuzi wa uso kuwabaini watu waliowahi kutuhumiwa kwa wizi. Desemba 2023 Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliizuia kampuni ya maduka ya dawa ya Rite Aid kutumia teknolojia hiyo kwa miaka mitano, baada ya kusema kwamba wateja wasio na hatia walifuatwa, walipekuliwa au walitolewa nje kwa sababu ya tahadhari za uongo.

## Usahihi

### Ubora wa picha

Matokeo mazuri ya maabara hutokana na picha za mbele zenye mwanga wa kutosha. Kamera ya barabarani hupiga picha kutoka juu, usiku au mvua ikinyesha, na mara nyingi uso huwa umegeuka au umefunikwa nusu. Utafiti wa NIST wa Julai 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, ulionyesha kwamba barakoa zilifanya hata mifumo bora ishindwe kwa kiasi cha asilimia 5, na mingine mizuri kwa asilimia 20 hadi 50. Mapacha wanaofanana na watoto wadogo huwa wagumu kutofautishwa. Picha ya zamani nayo hupunguza usahihi, kwa kuwa uso hubadilika na umri.

### Tofauti kati ya makundi ya watu

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini, mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha utafiti ulioitwa *Gender Shades*. Walitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden. Walichagua mabunge hayo kwa kuwa yalikuwa na wanawake wengi na kwa sababu ya tofauti ya rangi ya ngozi kati ya Afrika na Ulaya ya Kaskazini. Programu za IBM, Microsoft na Face++ ziliombwa kutaja jinsia ya kila mtu. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifikia asilimia 34.7. Utafiti huo ulihusu uchambuzi wa jinsia na haukupima utambulisho wa mtu, lakini ulizifanya kampuni kurekebisha programu zao, na vipimo vya mwaka uliofuata vilionyesha kwamba makosa yalikuwa yamepungua.

Desemba 2019 NIST ilitoa ripoti juu ya utambuzi wenyewe. Ilipima programu 189 za watengenezaji 99 kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18 za watu zaidi ya milioni 8. Katika programu nyingi, makosa ya kuwafananisha watu wawili tofauti yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na machache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Tofauti hiyo mara nyingi ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Wanawake, wazee na watoto nao walikosewa zaidi. Hata hivyo, ripoti ilionyesha kwamba programu hazilingani: baadhi ya zile bora zilikuwa na tofauti ndogo mno, na baadhi ya zilizotengenezwa China hazikuwakosea watu wa Asia Mashariki kama nyingine. Matokeo hayo yanaashiria kwamba picha zinazotumiwa kuufundisha mfumo ni sababu mojawapo kubwa.

Mkusanyo wa LFW, uliotumiwa kwa miaka mingi kupima usahihi, ulikadiriwa kuwa na asilimia 77.5 ya wanaume na asilimia 83.5 ya watu weupe. Sababu nyingine ni kamera zenyewe: zisiporekebishwa vizuri, picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi hutoka yenye giza na kupoteza alama ambazo programu huzitegemea.

### Udanganyifu

Mtu anaweza kujaribu kuudanganya mfumo kwa picha ya karatasi, video ya simu au kinyago. Kinga yake ni ukaguzi wa uhai: mtumiaji huambiwa apepese macho, atabasamu au ageuze kichwa, au kifaa hupima kina cha uso. Video bandia zinazotengenezwa kwa akili bandia zimeifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

## Kukamatwa kimakosa

Nchini Marekani watu kadhaa, wengi wao wakiwa Weusi, wamekamatwa kwa makosa yaliyoanza na ulinganisho wa uso. Januari 2020 mwanamume mmoja wa karibu na Detroit alitiwa pingu mbele ya mke na watoto wake na kukaa mahabusu kwa saa zipatazo 30. Kompyuta ilikuwa imeilinganisha picha hafifu ya mwizi wa saa na picha ya leseni yake ya udereva, kisha picha yake ikawekwa pamoja na nyingine mbele ya shahidi ambaye hakuwepo dukani wakati wa wizi na aliona video tu. Mwaka 2023 mjini humohumo mwanamke mwenye ujauzito wa miezi minane alikamatwa kwa unyang'anyi wa gari ambao hakuutenda. Kesi zote mbili zilifutwa.

Katika mapatano ya mahakamani ya Juni 2024, mji wa Detroit ulikubali kulipa dola 300,000 na kubadili taratibu: polisi wake hawaruhusiwi kumkamata mtu kwa msingi wa matokeo ya utambuzi wa uso pekee, wala kwa kuyafuatisha moja kwa moja na gwaride la picha bila ushahidi mwingine. Sababu ya sharti la pili ni kwamba programu huchagua mtu anayefanana sana na mhalifu, kwa hiyo shahidi anayeonyeshwa picha yake ni rahisi kukosea vilevile. Ushahidi wa pili huonekana kuunga mkono wa kwanza, ilhali umezaliwa nao.

## Faragha

Januari 2020 gazeti la *The New York Times* liliandika kwamba kampuni ya Clearview AI ilikuwa imekusanya zaidi ya picha bilioni 3 kutoka mitandao ya kijamii na tovuti nyingine, bila idhini ya wenyewe, na kuwauzia polisi huduma ya kuzitafuta. Mamlaka za nchi mbalimbali za Ulaya ziliitoza faini; ya Uholanzi, mwaka 2024, ilikuwa euro milioni 30.5.

Wasiwasi mwingine ni kubadilishwa kwa lengo. Picha iliyopigwa kwa ajili ya leseni, kitambulisho cha taifa au daftari la wapiga kura inaweza baadaye kutumiwa kumtafuta mtu kwenye maandamano. Wanaoitetea teknolojia hujibu kwamba imesaidia kupata wahalifu na watu waliopotea, na kwamba binadamu nao hukosea wanapotambua sura. Wapinzani husema afisa mmoja hawezi kuwatazama watu milioni kwa siku, lakini mfumo unaweza, na hofu ya kutambuliwa inaweza kuwafanya watu waache kukusanyika au kusema.

## Sheria

Kanuni za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2018, zinaiweka data ya bayometria inayotumika kumtambua mtu katika kundi lenye ulinzi maalumu. Sheria ya Umoja huo ya akili bandia ya mwaka 2024 inakataza kukokota picha za intaneti ovyo ili kujenga hifadhidata za nyuso, na inazuia polisi kutambua nyuso papo hapo hadharani isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile kumtafuta mtu aliyetekwa. Makatazo hayo yalianza Februari 2025.

Nchini Uingereza Mahakama ya Rufani iliamua Agosti 2020 kwamba polisi wa Wales ya Kusini walikuwa wameitumia teknolojia hiyo kinyume cha sheria. Maafisa waliachiwa uhuru mno wa kuamua nani atafutwe na wapi, na hawakuwa wamehakikisha kwamba programu haina ubaguzi wa rangi au jinsia. Hukumu haikuipiga marufuku teknolojia yenyewe.

Marekani haina sheria moja ya taifa zima juu ya jambo hili. Mji wa San Francisco ulizikataza idara zake kuitumia mwaka 2019. Sheria ya bayometria ya jimbo la Illinois ya mwaka 2008 iliilazimu Facebook kukubali kulipa dola milioni 650, na Novemba 2021 kampuni hiyo ilitangaza kufuta violezo vya nyuso za watu zaidi ya bilioni moja. China nayo imeweka kanuni zilizoanza Juni 2025, zinazotaka mtu asiyekubali kutambuliwa kwa uso apewe njia nyingine.

Katika Afrika Mashariki, Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inaihesabu data ya bayometria kuwa nyeti na inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale unapomwathiri kwa kiasi kikubwa. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hizi zinahusu taarifa binafsi kwa jumla, zikiwa na nafuu kwa kazi za usalama wa taifa. Hazikutungwa mahususi kwa kamera zinazotambua nyuso mitaani.